Kidole cha Mama Feza na Pipa la Bwiza

Nyinyi mliobaki uani mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na nilimwona Shantali akiwakonyeza wenzake, maana anajua mimi sisahau, nachoka tu. Basi naandika. Habari za mishahara mtanisamehe, ilikuwa midogo, haijazi hata mstari. Vyeo hatukuwa navyo. Kulikuwa na Mama Feza, halafu kulikuwa na sisi wengine. Nitaandika kuhusu joto, kwa sababu hata leo, nikiwa nimekaa nyumbani Kanyosha bila kazi, neno hilo peke yake linanisisimua.

Nilifika kwa Mama Feza mara ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, kwa kuwa mtu aliyenipa habari za kazi aliiita "usine", yaani kiwanda. Nilitegemea geti na saa ukutani. Nilikuta ua wa udongo nyuma ya nyumba, huko huko mtaani Bwiza, na mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Mwenye ua alikuwa mwanamke mnene wa Uvira, aliyevuka mpaka na watoto wake na ujuzi wa pombe ya mtama, na hakuwa amevuka na kitu kingine. Aliangalia viatu vyangu, kisha akaangalia uso wangu.

"Ivi viatu utavaa siku ya ndoa yako," akaniambia. "Vua. Huku miguu nayo inatumika."

Kazi yenyewe, kwa ambaye hajaiona, iko hivi. Mtama unaloweshwa, unaachwa uchipue, unakaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Unapika uji mzito wa mtama wa kawaida, unaungoja upoe kidogo, unatia kimea, unakoroga, unafunika. Chini ya mfuniko kunatokea jambo ambalo sijalizoea hadi leo. Uji uliokuwa mzito unalegea, na uliokuwa hauna ladha unakuwa mtamu, wala hakuna aliyetia sukari. Baadaye utachujwa, utachemshwa, utapozwa na kutiwa hamira uwe pombe, lakini mambo yote yanaamuliwa pale chini ya mfuniko. Ukitia kimea uji ukiwa moto kupita kiasi, kimea kinaharibika. Uji ukipoa mapema, unabaki uji, na pombe yake inakuwa nyepesi na yenye uchachu wa kukunja uso.

Mama Feza hakuwa na chombo cha kupimia. Alikuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alikichovya kwenye uji, akakitoa haraka, akakitazama kama kimemwambia neno, kisha akasema ama "bado" ama "leta kimea". Basi. Mimi alinifundisha hivyo hivyo. Majuma ya kwanza nilijiunguza mpaka nikawa nakula kwa mkono wa kushoto, na mama yangu mzazi akaniuliza kama nimeolewa na jiko.

Tulifanya kazi hivyo kwa miaka, na sikuwahi kuona mtu akirudisha pombe. Kisha mwenye kiwanja akataka kujenga, ikabidi tuhame. Tulipata ua huo mnaoujua, wenye sakafu ya saruji na bomba la maji karibu, na tulifurahi sana. Mitungi haikung'oka bila kupasuka, kwa hiyo tulinunua pipa la alumini, refu, linalong'aa. Mama Feza alilifuta kwa kitenge chake siku nzima. Wateja walipita kulitazama tu, wakatupongeza kwa kuendelea.

Pombe ya kwanza ya pipa lile ilikuwa mbovu. Iliyofuata ikawa mbovu zaidi. Kidole kilisema "leta kimea" kama zamani, tulikoroga kama zamani, tulifunika kama zamani, lakini tukifunua tunakuta uji umekaa vile vile, mzito, una ladha ya unga. Wateja wa Bwiza hawakwambii kwamba pombe yako ni mbaya. Wanakuuliza kwa adabu kama kuna bia ya chupa.

Mama Feza hakulaumu pipa. Hakulaumu mtama wala makaa. Alijilaumu mwenyewe.

"Kidole yangu imekufa, Goreti," aliniambia asubuhi moja, akiwa amekaa juu ya gunia. "Iko inaniambia uongo. Mi minazeeka, njo ivyo."

Wakati huo mjukuu wake, Neema, alikuwa ameposwa na familia ya Mutanga Nord, na siku ya mahari ilishapangwa. Kwetu wakwe wakija, katikati yao unawekwa mtungi wa pombe ya mtama, na wazee wa pande zote mbili wanauinamia kwa mirija yao. Undugu unaanzia pale. Mama Feza alikuwa amewapikia pombe ya mahari mabinti wa nusu ya mtaa. Sasa, kwa mjukuu wake mwenyewe, alisema wanunue kreti za bia, na kwamba gunia la kimea lililobaki likiisha atafunga ua. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikisugua kile kidole. Niliumia. Kazi nyingine ningepata, lakini kumwona mtu yule anaacha kuuamini mkono wake mwenyewe lilikuwa jambo lisilovumilika.

Nikaenda sokoni. Kuna mtu alikuwa anauza vyombo vya mitumba, vikombe vya kupimia maziwa na mizani zisizokubaliana, na kwake nilipata kipimajoto cha kioo chenye uzi mwekundu ndani. Nilikijaribu nyumbani kwenye maji yanayotokota, kikagoma kufika mia. Nikarudi kwa muuzaji nimefura.

"Mama, tulia," akasema. "Hapa kwetu tuko juu. Maji inachemka mbele ya kufika mia."

Nilidhani ananichezea shere. Baadaye nilikuja kujua kwamba alisema kweli tupu: katika mji wetu kipimajoto kizima kitaonyesha kama tisini na saba maji yakitokota. Mkinunua kipya na kikaonyesha mia kamili, hicho ndicho cha kurudisha. Liandikeni ukutani hilo.

Mama Feza alikitazama kipimajoto changu bila kukigusa. "Umenunulia kidole yangu mupinzani?"

"Apana, mama. Nimeinunulia shahidi."

Nilimwambia siku hiyo hatutapika pombe. Tutapika maji. Alinitazama kama mtu anayejiuliza amwite padri au daktari, lakini hakuwa na cha kupoteza, akakubali. Kuwasha makaa kwa ajili ya maji matupu ni jambo ambalo haliwezi kufichika Bwiza. Jirani yetu Baba Dezire, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliweka kichwa juu ya ukuta.

"Mama Feza, unga imeisha?" akauliza. "Sasa tutakunywa maji na mirija?"

Kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kwa Mama Feza wamefilisika, wanachemsha maji kwa aibu. Wengine walileta pole.

Sisi tulikuwa na shughuli. Nilimpa mgongo, kipimajoto kikiwa upande wangu, asione uzi, nami nisione uso wake. Maji yalikuwa yanapoa taratibu ndani ya sufuria. Akachovya. "Bado," akasema. Uzi ulikuwa kwenye sabini na tano. Tukangoja, akachovya tena. "Bado kidogo." Sabini. Tukangoja tena. Mara ya tatu alichovya, akasema, kwa woga ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Leta kimea."

Sitini na sita. Tukayachemsha upya, tukarudia. Tukarudia tena mpaka kidole kikawa chekundu. Kila aliposema "leta kimea", uzi ulikuwa pale pale au karibu yake kabisa. Kimea kikiingia kinakuwa cha baridi, kinashusha joto kidogo, na hata hilo kidole kilikuwa kimeshaliweka kwenye hesabu yake bila kumwambia mtu. Niligeuka.

"Kidole yako iko muzima, mama. Haijasema uongo hata siku moja."

Alikitazama kidole, kisha akalitazama pipa, muda mrefu. Nikaona macho yake yanabadilika.

"Kama kidole haina makosa," akasema, "basi joto inaenda wapi?"

Naapa sijawahi kusikia swali tamu kama lile. Watu wanadhani kutengeneza pombe ni kupika. Kupika ni nusu tu. Nusu nyingine ni upelelezi, na mshukiwa wako haonekani kwa macho, hana alama ya mguu, na kila siku anatoka na mali yako mlangoni ukimtazama.

Tukayamwaga yale maji ya sitini na sita ndani ya pipa na kulifunika. Nikafunua papo hapo, nikakoroga, nikapima katikati. Sitini na moja. Hatukuwa tumefanya chochote bado. Pipa lenyewe, kwa ubaridi wake, lilikuwa limekunywa. Tukaacha mpaka Baba Dezire alipomaliza kushona suruali aliyokuwa nayo kwenye cherehani, tukapima tena: hamsini na nne. Niliona nimekamata mwizi, ila sijajua anapitia dirisha gani.

Aliyejua ni Mama Feza. Tulimwaga maji, tukalisogeza pipa, naye akapita kurudisha ndoo, pekupeku kama siku zote. Akasimama ghafla. Akarudi hatua, akakanyaga tena.

"Goreti, kuya ukanyage hapa."

Nikavua ndala. Pale pipa lilipokuwa limesimama, saruji ilikuwa na duara la moto kabisa, na kuzunguka duara sakafu ilikuwa baridi. Tulisimama ndani ya duara lile sisi wawili, tumeshikana mikono, tukichekeana.

"Hii simenti njo mwizi," akasema Mama Feza. "Kule kwa ua ya zamani mitungi ilikuwa imelala mu udongo. Udongo ulikuwa unaifunika kama blangeti. Huku tumeisimamisha uchi."

Kuanzia hapo mikono haikutulia. Tuliweka mbao chini ya pipa ili lisigusane na saruji. Tulilizungushia maganda makavu ya migomba, juu yake godoro la zamani la Neema, juu yake blangeti, tukafunga kwa kamba. Kabla ya kutia maji ya kupima, tulilipasha pipa kwa maji yanayotokota, tukalizungusha, tukayamwaga, ili lisije kunywa joto lake. Mwishowe Mama Feza akakata majani mabichi ya mgomba na kuyalaza juu ya maji yenyewe, chini ya mfuniko, kwa sababu pipa lilikuwa halijajaa na ile nafasi tupu ya juu nayo inakula joto. Hilo la majani alilitoa kichwani mwake, kipimajoto kililithibitisha tu. Ndiyo maana nawaambieni kila siku kwamba pombe kidogo ndani ya pipa kubwa inapoa haraka kuliko pombe nyingi.

Tukajaribu tena na maji. Baba Dezire alishona suruali, akashona na shati, nasi tukafunua: joto lilikuwa limeshuka digrii moja na kitu. Nilicheza pale uani. Mama Feza akacheza na mwiko mkononi. Waliokuja kutupa pole waliondoka wakiwa na wasiwasi zaidi kuliko walipokuja.

Basi tukapika uji wa kweli, kwa majivuno makubwa. Ukapoa.

Sikuamini. Pipa ni lile lile, mbao ni zile zile, godoro ni lile lile. Nilikaa kwenye ndoo nikalitazama lile pipa siku nzima ya mpiko uliofuata, nikiwa nimekasirika kweli, na hapo ndipo nikaona. Maji hayana wageni. Maji matupu hakuna aliyetaka kuyaona. Lakini uji wa kimea, mnajua wenyewe. Mtu akiingia uani na uji uko chini ya mfuniko, lazima aonyeshwe. Unafunua, anainama, anavuta harufu, anasifu, unamchotea aonje. Usipomfunulia umemtukana, na yeye asipoonja unaanza kujiuliza ana nini na wewe. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na ni desturi nzuri. Asubuhi ile alikuja muuza makaa, akafunuliwa. Akaja dada wa kanisani, akafunuliwa. Baba Dezire alikuja mwenyewe, halafu akaja na mteja wake aliyekuwa anangoja suruali, halafu akarudi kuangalia kama mteja alionyeshwa vizuri. Nilipima baada ya kila salamu. Kila moja ilitutoa karibu digrii nzima.

"Mama," nikamwambia, "mwizi wa pili tunamukaribisha sisi wenyewe."

Aliponielewa alishika kichwa. "Siwezi kukataza batu, Goreti. Batasema nimekuwa na roho mbaya. Na pombe ya mahari ya mutoto, upike na mulango umefungwa? Vraiment, kweli hiyo si pombe tena."

Alisema kweli. Tulikaa na jambo lile mpaka chai ikaisha. Kisha nikamwambia jinsi nilivyowaza: tukimaliza kukoroga, tuchote uji kidogo kutoka pipa lile lile, tuutie kwenye sufuria ndogo nzuri yenye mfuniko wa maua, tuiweke juu ya benchi karibu na mlango. Mgeni afunuliwe hiyo. Ni uji ule ule, ni heshima ile ile, ila pipa lilale. Mama Feza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

Mpiko wa mahari ulipofika, Baba Dezire ndiye aliyeingia wa kwanza. Nilimketisha kwenye benchi, nikamfunulia sufuria ya wageni. Akainama, akavuta harufu, akasifu, akaonja. Akakunja uso kidogo.

"Mbona hii imepoa?"

"Ya wageni haipimwi, baba," nikamjibu.

Alilifikiria jibu lile, akaona lina heshima ndani yake, akamaliza kikombe. Akabaki pale kwenye benchi, akawapokea wengine wote waliofuata na kuwafunulia yeye mwenyewe, kama mwenye nyumba. Pipa halikuguswa.

Saa ya kufunua ilipofika, Mama Feza alinizuia mkono wangu wenye kipimajoto. "Ngoja. Mi kwanza." Akayatoa majani, akachovya kidole. "Bado ina joto ya kazi," akasema. Nikapima: sitini na tatu. Uji ulikuwa umelegea kabisa, unatiririka kwenye mwiko, na utamu wake ulikamata midomo. Mama Feza aligeukia ukutani akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa zamani.

Wakwe walikuja, hotuba zikasemwa, za kwao na za kwetu, ndefu kama kawaida. Mtungi ukawekwa katikati. Mzee wao mkubwa aliinamia mrija, akavuta, na hakuinua kichwa. Watu wakaanza kutazamana. Alipoinuka hatimaye alipangusa mdomo na kuuliza, mbele ya wote, nani aliyepika.

Mama Feza alikuwa amekaa nyuma kabisa, kati ya wanawake. Aliinua kidole kimoja.

Ua haukufungwa, kama mnavyoona. Miaka iliyofuata ilikuwa mingi na mizuri, na mengine mnayajua, hata lile kasha la samaki. Nilipoleta kasha lile la plastiki la wachuuzi wa ziwani, lenye kuta nene za kutunza barafu, wote mlinicheka kwamba nataka kutunza moto ndani ya nyumba ya baridi. Tulilisugua kwa majivu na ndimu mpaka harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ikatoka, na leo hakuna chombo kinacholishinda. Kuta hazijui kama kilichomo ni barafu au uji, kazi yake ni kuzuia. Ila korogeni kabla ya kupima. Uji wa pembeni na uji wa katikati ni watu wawili tofauti, na ukimwuliza mmoja tu utadanganyika. Mama Feza mwenyewe anakaa kwa Neema huko Mutanga Nord, na naambiwa chai yote ya nyumba ile lazima ipite kwanza kwenye kidole chake.

Mimi nilimkabidhi Shantali kipimajoto siku yangu ya mwisho, na nilijisifu kwamba nimeondoka bila kulia. Juzi nilikuwa na safari ya Bwiza, nikaona nipite tu, nisikae. Kasha lilikuwa kwenye mbao zake, limefungwa kwa kamba, na nilijua kwa harufu kwamba kimea kimeshaingia. Miguu ikanipeleka huko yenyewe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye kamba Shantali aliponishika kiwiko, kwa upole kabisa, akanigeuza na kuniketisha kwenye benchi karibu na mlango. Akanifunulia sufuria yenye mfuniko wa maua.

Nikainama, nikavuta harufu. Nikachovya kidole, kwa mazoea.

"Shantali, hii imeshuka sana."

"Ya wageni haipimwi, mama," akasema, akarudi kazini.

Nilibaki na kikombe mkononi, na furaha ilinijaa mpaka sikujua niiweke wapi. Nikavua viatu, nikaegemea ukuta, nikanywa. Kasha halikufunuliwa.